Magoti mawili na vilivyoyashika

Goti langu la kushoto lina skrubu mbili za titani. La kulia lina kifungo kidogo cha chuma juu, skrubu ya plastiki chini, na mpaka miaka michache iliyopita lilikuwa na kiskrubu cha ziada ambacho nitakifikia. Yote mawili yalikatika kitu kimoja, ile ligamenti ya katikati ya goti ambayo kila mchezaji siku hizi anaiita ACL. La kushoto lilifanyiwa operesheni Chennai, India, mwaka 2009. La kulia lilifanyiwa Dar es Salaam mwaka 2018. Madaktari wote wawili waliijua kazi yao, na leo natembea, napanda ngazi, nabeba ndoo ya maji. Lakini magoti haya hayafanani, na sehemu kubwa ya tofauti yake imo katika jambo ambalo watu hawalizungumzi: kipandikizi kimeshikwa na nini.

Wenzangu wakisikia nimepasuliwa magoti yote mawili huuliza, "Walichukua kano ya wapi?" Ni swali zuri, kwa kuwa ligamenti hiyo ikishakatika kabisa haina desturi ya kujiunga yenyewe, na daktari hulazimika kuazima kano kutoka sehemu nyingine ya mwili. Ila kuazima kano ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuifunga. Daktari anatoboa tundu moja kwenye mfupa wa paja na jingine kwenye mfupa wa muundi, anaipitisha kano humo, anaivuta ikaze, kisha inabidi kitu fulani kiishike kila upande mpaka mfupa wenyewe uikumbatie. Muda huo wa kusubiri mfupa ndio unaoamua mengi.

Niseme kidogo jinsi yalivyoumia. Netiboli ina kanuni moja inayoyamaliza magoti. Ukidaka mpira ukiwa hewani, mguu unaotua kwanza ndio nguzo; ukishauinua huruhusiwi kuukanyagia tena chini kabla mpira haujatoka mkononi. Basi unaruka, unadaka, unatua kwa mguu mmoja, unasimamisha mwili mzima papo hapo, na kiwiliwili kimeshaanza kugeuka kumtafuta mfungaji. Mimi nilikuwa WA, yaani mshambuliaji wa pembeni, kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo kutwa nzima. La kushoto lilikatika kwenye ligi ya mkoa. La kulia lilikatika kwenye SHIMIWI, michezo ya watumishi wa wizara na idara za serikali, ambako watu wa rika langu huenda wakisema wanapunguza kitambi na wengine hurudi na magongo. Hakuna aliyenigusa, mara zote mbili. ACL nyingi hukatika hivyo, bila mtu kukupiga, na katika michezo ya kuruka na kugeuka wanawake tunaongoza.

Goti la kushoto walitumia kano iliyo chini ya pia ya goti. Wanakata theluthi ya katikati, na kila mwisho wanatoka na kipande cha mfupa kilichoshikana na kano, kimoja cha kwenye pia na kimoja cha kwenye muundi. Vipande hivyo vinaingia kwenye matundu, na kando ya kila kimoja inakazwa skrubu. Hapo mwanzo nilidhani skrubu inatoboa kano na kuipigilia kwenye mfupa. Sivyo. Inaingia ubavuni, kati ya kipande cha mfupa na ukuta wa tundu, na kazi yake ni kubana tu, kama fundi wa kwetu Tanga anavyopigilia kabari kwenye tundu la jembe ili mpini usichomoke. Cheti changu cha kutoka hospitali kimeandika milimita 8 kwa 25 juu, 9 kwa 25 chini.

Njia hii si ya juzi. Daktari Lambert aliiandika mwaka 1983 akitumia skrubu ya kawaida ya mifupa ya milimita 6.5. Mwaka 1987 Kurosaka na wenzake wakalinganisha njia mbalimbali za kufunga kwenye magoti ya maiti, wakaona skrubu nene ya milimita 9 inashika kuliko zote walizozijaribu. Lakini lililonishika mimi ni jambo jingine walilosema: kipandikizi kikivutwa mpaka kishindwe, panapoachia ni pale kilipofungiwa. Kano yenyewe inabaki nzima.

Hesabu zinalieleza vizuri. ACL ya kijana mwenye afya, ikivutwa maabara, huhimili takribani nyutoni 2,160, yaani kama kuning'iniza kilo 220. Kano mbili za nyuma ya paja zikikunjwa ziwe nyuzi nne huvuka 4,000. Kwa hiyo kipandikizi kina nguvu kuliko ligamenti uliyozaliwa nayo. Kinachokishika hakifiki huko. Vifungio vingi, kwa kutegemea aina na ubora wa mfupa, huishia mamia kadhaa mpaka elfu moja na ushee. Shughuli za kawaida za nyumbani zimekadiriwa kulidai goti kama 450. Ukitembea taratibu uko salama. Ukiteleza bafuni wiki ya tatu, mambo mengine.

Ndiyo maana mfupa kwa mfupa una raha yake. Kipande cha mfupa kikibanwa ndani ya mfupa hujiunga kama mvunjiko wowote unavyojiunga, kwa wiki sita hivi. Goti la kushoto lilikaza mapema. Daktari akinivuta muundi kwa mbele, kile kipimo chao cha kukushika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mkono mwingine, muundi unakwama ghafla, hauchezi. Mpaka leo ni hivyo.

Gharama yake ipo mbele ya goti. Pale walipokata kano hapajasahau. Nikipiga goti kwenye sakafu ya saruji, naona nyota. Mwanzoni niliambiwa itapungua, na kweli ilipungua, lakini haikwisha. Kwa mtu ambaye hapigi magoti hilo ni jambo dogo. Kwangu mimi ni mara tano kwa siku. Kwa muda mrefu niliswali kwenye kiti, kisha nikahamia kwenye mswala wenye sponji nene, na bado nikienda sijida naweka uzito kulia. Ajabu yake, kukaa kwenye mbuzi na kukuna nazi, goti likiwa limekunjwa kweli kweli, hakuna shida yoyote. Shida ni kulikandamiza, kulikunja halina neno. Hilo nadhani daktari anayempangia operesheni mama wa Kiislamu, au padri, au fundi wa kuweka vigae, angeuliza kabla hajachagua kano. Wengine wanauliza. Wangu wa kwanza alijua nacheza netiboli, akanipangia goti la mwanamichezo.

Daktari wa goti la kulia alikuwa wa aina nyingine. Alitoa droo, akaniwekea mezani vitu viwili. "Dada, hiki kitakaa juu, hiki kitakaa chini. Vishike."

Cha kwanza kilikuwa kifungo, kipande cha titani chenye urefu wa milimita 12 na upana wa 4, na matundu manne madogo yaliyopangwa mstari. Nilikiweka juu ya kucha ya kidole gumba kikatosha. Katikati kimeninginizwa kitanzi cha uzi mgumu mweupe. Akaeleza kwa kalamu na karatasi. Kano mbili za nyuma ya paja zinapitishwa kwenye kitanzi na kukunjwa. Kifungo kinavutwa kikiwa kimesimama wima, kwa ncha, kupitia tundu jembamba la milimita 4.5 mpaka kinatokea upande wa pili wa mfupa wa paja, nje kabisa. Kikishatoka kinalazwa. Sasa kimelala juu ya ganda gumu la mfupa, na tundu ni jembamba, hakiwezi kurudi. Kano inaning'inia ndani.

"Unajuaje kimelala vizuri?" nikamuuliza.

"Unakisikia mkononi. Halafu unavuta kwa nguvu. Na kama una shaka unapiga eksirei hapo hapo mezani, kwa sababu kikilala juu ya nyama badala ya mfupa, baada ya muda nyama inalegea na kipandikizi kinalegea nacho."

Cha pili kilikuwa skrubu nyeupe, nyepesi, ya plastiki inayotengenezwa kwa asidi ya laktiki, ile inayosemwa "inayeyuka". Hii ilikuwa ya chini, ya kubana kano zenyewe ndani ya tundu la muundi, safari hii bila kipande cha mfupa kati yake. Nilimuuliza mbona chini asiweke kifungo kama juu, au juu asiweke skrubu kama chini. Alisema wapo wanaofanya hivyo, kote kote, na kwamba yeye juu anapenda kifungo kwa sababu kinategemea ganda la nje la mfupa ambalo ni gumu, hata kama ndani ni laini, na hakikwaruzi kano kama nyuzi za skrubu zinavyoweza kukwaruza. Chini ndiko kunakomnyima usingizi. Mfupa wa muundi karibu na goti ni laini kuliko wa paja, na tundu lake limeelekea kule kule kano inakovutwa, kwa hiyo kila hatua unayopiga inajaribu kuichomoa. Kama kitu kitateleza, kitateleza chini.

Kwa sababu hiyo, alipofika muundini akaona skrubu haikukaza alivyotaka. Akazichukua zile nyuzi za mwisho wa kano akazifunga kwenye kiskrubu kidogo cha chuma alichokikaza chini kidogo ya tundu, kama akiba. Nilikuwa macho, nimepigwa ganzi ya mgongo, nikasikia akimwambia nesi alete hiyo ya ziada. Sikulalamika hata kidogo.

Mazoezi ya goti la pili yalikuwa na mwendo wake. Kano isiyo na mfupa mwishoni huchukua wiki nane mpaka kumi na mbili kushikana na ukuta wa tundu. Nyuzi ndogo ndogo huota kutoka mfupani na kuingia kwenye kano, na kabla hazijaota, mzigo wote uko kwa kifungo na skrubu. Na juu ya hapo, kipandikizi chenyewe katika miezi hiyo ya mwanzo kinadhoofika kabla ya kupata nguvu, kwa kuwa kimekatwa kutoka kwenye damu yake na lazima mishipa mipya iingie. Ndipo unapokutana na balaa la kujisikia vizuri. Wiki ya kumi uvimbe umeisha, magongo umeyatupa, unaona unaweza kukimbia. Dada wa fizio alikuwa mkali kwenye kipindi hicho kuliko kwenye maumivu ya mwanzo. "Goti lako linakudanganya," aliniambia, na akanikataza kuvuta kisigino nyuma dhidi ya mpira wa mazoezi kwa wiki za mwanzo, maana kano zilizochukuliwa ni za misuli hiyo hiyo. Kushoto ilikuwa kinyume: kilichoniuma ni kunyoosha goti, na nyama ya mbele ya paja ndiyo iliyokonda ikachukua muda mrefu kurudi.

Kurudi uwanjani, fizio alinipa mwezi wa tisa kama mwanzo wa mazungumzo. Upo utafiti wa Norway uliochapishwa 2016 uliowafuata wanamichezo baada ya operesheni hii, ukaona kwamba kila mwezi waliochelewa kurudi, mpaka mwezi wa tisa, uliwapunguzia kuumia tena kwa karibu nusu. Hakuna skrubu wala kifungo kinachotoa faida ya namna hiyo. Nalisema kwa sababu nimekutana na vijana wa mpira wa miguu waliouliza habari za vifaa vya gharama kubwa, kisha wakarudi kucheza ndondo mwezi wa tano.

Sasa kile kiskrubu cha akiba. Kichwa chake kilikaa chini ya ngozi mbele ya muundi, mahali ambapo hakuna nyama. Kovu lilipokomaa nikaanza kukigusa kwa kidole. Nikipiga goti kinachoma, tena mahali pamoja, ukubwa wa punje ya hindi. Nilichoka: kushoto panauma kwa sababu ya kukatwa kano, kulia panauma kwa sababu ya chuma. Daktari alicheka akasema haya si maumivu ya aina moja. La kushoto hakuna wa kuliondoa. La kulia ana bisibisi. Mwaka ulikuwa umeshapita, kipandikizi kimeshashikana, akiba haikuwa na kazi tena. Kilitolewa asubuhi, jioni nikawa nyumbani, na kulia nasujudu bila kuwaza.

Siku hiyo nilijifunza umuhimu wa kitu ambacho watu wengi wanakitupa. Kifaa chochote kinachowekwa mwilini huja kwenye pakiti yenye stika: jina la mtengenezaji, ukubwa, namba ya toleo. Stika hubandikwa kwenye faili la mgonjwa. Kabla ya kunitoa kiskrubu daktari alitaka kuiona, kwa sababu vichwa vya skrubu havifanani, vingine vina pembe sita, vingine nyota, na ukiingia chumba cha upasuaji na bisibisi isiyo yake unaweza kukiharibu kichwa na ukaishia kuchimba mfupa. Stika ilikuwepo. Nilipiga picha yangu, ipo kwenye simu mpaka leo. Yule kaka tuliyekuwa naye fizio, aliyefanyiwa nchi nyingine na kipandikizi kikakatika tena, hakuwa na karatasi yoyote. Skrubu yake ya chuma ilikuwa imekaa hasa pale ambapo tundu jipya lilitakiwa kupita, na maandalizi ya operesheni yake ya pili yalianza kwa kubahatisha aina ya bisibisi.

Hapo ndipo watu huipendea ile ya plastiki: haizuii tundu jipya namna hiyo, na haichafui picha. Nilipopigwa MRI ya magoti yote mawili, la kushoto lilitoka na madoa meusi kuzunguka skrubu za titani. Titani haina hatari kwenye mashine, ila inakula picha iliyo jirani nayo. La kulia, pale penye plastiki, lilikuwa safi. Lakini hiyo skrubu "inayoyeyuka" ilikuwa bado ipo, umbo lake kamili linaonekana, nyuzi na yote, miaka mitatu baadaye. Plastiki hizo zinatofautiana; nyingine huondoka mapema, nyingine hukaa miaka, na zikiyeyuka si lazima mfupa ujae mahali pake. Kuna wanaopata uvimbe wa maji kwenye tundu la muundi kutokana nazo. Na ni laini, zinaweza kuvunjika wakati wa kukazwa. Kwa hiyo mtu akikuambia tu kwamba itayeyuka, muulize baada ya muda gani.

Picha ilionyesha pia tundu la paja la kulia limepanuka kidogo. Kano inayoning'inia kwenye kitanzi ina nafasi ya kucheza kidogo, juu na chini, kushoto na kulia, kabla haijashikana, na inasemekana hilo ni sababu mojawapo ya tundu kupanuka. Niliingiwa na hofu. Daktari akanivuta muundi, ukakaza pungufu kidogo tu kuliko wa kushoto, akasema upanuzi wa tundu mara nyingi hauendi pamoja na goti kulegea, ni wa kukumbukwa endapo itahitajika operesheni nyingine.

Ukiniuliza lipi bora, nitakujibu kwa upendeleo: mimi nalipenda la kulia, kwa sababu ya swala. Anayecheza kwa mshahara angeweza kulipenda la kushoto, na asingekosea. Rejista za Norway, Sweden na Denmark, ambazo zimekuwa zikiandika operesheni hizi tangu 2004 na 2005, zimeonyesha kano za nyuma ya paja zikirudiwa zaidi kuliko ile ya chini ya pia. Lakini ukilinganisha kifungio kwa kifungio, chuma na plastiki, kifungo na skrubu, majaribio mengi yanaishia kwenye tofauti ndogo za milimita ambazo mgonjwa mwenyewe hazisikii akitembea. Kinachosikika ni vitu vidogo: kichwa cha skrubu chini ya ngozi, picha isiyosomeka, karatasi iliyopotea.

Na mara nyingine uchaguzi haupo kabisa. Kwetu vifaa hivi vinaletwa kwa seti na msambazaji, na daktari anafunga kwa kile kilicho kwenye seti siku ile na kile bima inachokubali au familia iliyokichangia. Sioni aibu katika hilo. Daktari anayeijua skrubu moja kwa mikono yake, akaifunga mara nyingi, namwamini kuliko anayejaribu kifaa kipya kwangu.

Sasa ni zamu ya mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na tisa, na mwenzangu katika netiboli. Umri huo ndio wenye kukatika tena kuliko mwingine wowote. Daktari wake amependekeza kano ya mbele ya paja, iliyo juu ya pia ya goti, na vifungo juu na chini, vya kitanzi kinachokazwa baada ya kuwekwa. Alinipigia.

"Mama mdogo, nikubali?"

Nikamwambia amuulize mambo matatu: kwamba kitanzi hicho akishakikaza anakifunga fundo la ziada au anakiacha kijishike chenyewe, kwamba kifungo cha chini kitakaa sehemu gani ya muundi na kama atakigusa akipiga goti, na kwamba stika atapewa nakala yake. Mawili yamejibiwa, na majibu yameniridhisha. La kifungo cha chini daktari amesema atamwonyesha kwa kalamu kwenye mguu wenyewe, wiki ya operesheni.